Kutoka Diski hadi Faili: Historia ya Ugeuzaji wa Video na Hatima ya Kiswahili Kinachosemwa

Utangulizi

Historia ya fasihi ya Kiswahili ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya nakala. Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na mwaka 1728, umewafikia wasomaji wa leo kwa kupitia mikono ya wanukuzi, na kila mkono uliacha alama yake. Hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo mtu aliyehamisha utenzi kutoka hati hiyo kwenda hati ya Kirumi alilazimika kuamua mahali pa kuandika e badala ya i, na o badala ya u. Hati ya Kirumi nayo, kama ilivyosanifishwa, haikuweka nafasi ya kutenga t ya meno na t ya ufizi ambazo msemaji wa Kimvita huzitofautisha bila taabu. Aliyehamisha matini hakubeba mzigo tu kutoka chombo kimoja hadi kingine. Alichagua kipi kibaki na kipi kiachwe.

Hoja hiyo imezoeleka miongoni mwa wanafilolojia wa Kiswahili. Hata hivyo, kuna aina nyingine ya matini ambayo imehama katika kipindi kisichozidi miaka thelathini na mitano, nayo haijapewa uangalifu wa namna hiyo: filamu na video zilizotoka katika diski na kuwa mafaili ya kupakuliwa mtandaoni. Mhadhara huu unaifuatilia historia ya uhamaji huo, tangu kuanza kwa diski za VCD mwaka 1993 hadi zama za kutazama video moja kwa moja mtandaoni. Hoja yake kuu ni kwamba kugeuza video si kunakili, bali ni kufasiri kwa kuchagua. Aidha, uchaguzi huo uliongozwa na ukubwa wa diski, kasi ya simu na hofu ya wenye hakimiliki. Haukuongozwa na mahitaji ya lugha. Mtafiti wa Kiswahili anayetumia faili la filamu kama ushahidi wa usemi hana budi kufahamu kilichodondoka njiani.

Diski na vilivyomo ndani yake

Mwaka 1988 wataalamu kutoka nchi mbalimbali, wakiongozwa na Leonardo Chiariglione wa Italia na Hiroshi Yasuda wa Japani, walianzisha kundi la kusanifu namna ya kubana picha na sauti za kidijiti. Kundi hilo lilijulikana kwa kifupi kama MPEG. Zao lake la kwanza, MPEG-1, lilikusudiwa kuiingiza video katika diski ya CD ya kawaida, ambayo ilikuwa imekwisha kuenea kwa ajili ya muziki tangu mwaka 1982. Mwaka 1993 kampuni za Philips, Sony, Matsushita na JVC zilikubaliana juu ya diski ya VCD. Diski hiyo ilibeba takriban dakika 74 za video yenye fremu za pikseli 352 kwa 288 katika mfumo wa PAL. Filamu ya saa mbili ilihitaji diski mbili, na mtazamaji alilazimika kuinuka na kubadilisha diski katikati ya kisa.

DVD ilifuata. Baada ya ushindani wa kambi mbili za viwanda kumalizwa kwa makubaliano ya mwaka 1995, mashine za kwanza za DVD ziliuzwa Japani mwezi Novemba 1996 na Marekani mwaka 1997. Diski ya tabaka moja ilibeba gigabaiti 4.7, na ya matabaka mawili gigabaiti 8.5. Picha zilibanwa kwa kanuni za MPEG-2. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, jambo la kuvutia zaidi halikuwa ubora wa picha, bali muundo wa chombo chenyewe. DVD iliruhusu hadi njia nane za sauti na hadi njia thelathini na mbili za maandishi ya chini ya picha. Filamu moja iliweza kubeba usemi wa asili, sauti za lugha nyingine zilizowekwa juu yake, maelezo ya mwongozaji, na tafsiri andishi za lugha nyingi, vyote vikiwa vimetenganishwa na vikifuatana kwa wakati mmoja. Kwa istilahi ya wanafilolojia, DVD ilikuwa toleo sambamba: matini na tafsiri zake katika jalada moja.

Ni muhimu pia kutambua kwamba hata diski yenyewe haikuwa na picha kamili. Fremu ya DVD ya mfumo wa PAL ina pikseli 720 kwa 576, na fremu 25 hupita kila sekunde. Kila pikseli ikichukua wastani wa biti 12, sekunde moja ya picha ghafi inahitaji biti zipatazo milioni 124, na filamu ya saa mbili inazidi gigabaiti 110. Ili ienee katika diski, ilibidi sehemu kubwa iachwe. Fremu hugawanywa katika vijisehemu vya pikseli 8 kwa 8. Kila kijisehemu hupitishwa katika hesabu ambayo Nasir Ahmed, T. Natarajan na K. R. Rao waliichapisha mwaka 1974. Kisha vipengele vidogovidogo ambavyo jicho halivihisi kwa urahisi hutupwa. Fremu nyingi hazihifadhiwi zikiwa nzima. Huhifadhiwa tofauti tu kati ya fremu moja na zile zinazoizunguka. Kwa hiyo aliyegeuza DVD kuwa faili dogo alianza na nakala iliyokwisha kupunguzwa, akaifumua, kisha akaipunguza upya kwa kanuni nyingine. Alikuwa katika hali ya mnukuzi anayenakili kutoka kwa mnukuzi mwenzake, pasipo kuuona mswada wa asili.

Kufuli na ufunguo wake

Kizuizi cha kwanza cha kuitoa video katika DVD hakikuwa ukubwa wake, bali kufuli. Studio za filamu zilikubali kutumia DVD kwa sharti kwamba yaliyomo yafungwe kwa usimbaji fiche uitwao CSS, uliotumia ufunguo wa biti 40. Aidha, dunia iligawanywa katika kanda sita za mauzo. Tanzania, Kenya na Uganda ziliwekwa katika kanda ya tano pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, Bara Hindi na Urusi, ilhali Afrika Kusini na Misri ziliwekwa katika kanda ya pili pamoja na Ulaya na Japani. Diski halali iliyonunuliwa London iliweza basi kukataliwa na mashine halali iliyonunuliwa Mombasa. Mipaka hiyo haikufuata mipaka ya lugha. Msemaji wa Kiswahili wa Oman, iliyo katika kanda ya pili, na jamaa yake wa Unguja walitenganishwa na tarakimu moja iliyoandikwa ndani ya mashine.

Mwezi Oktoba 1999 ilisambazwa mtandaoni programu fupi iitwayo DeCSS, iliyofungua kufuli hilo. Jina lililohusishwa nayo zaidi ni la Jon Lech Johansen, kijana wa Norwe aliyekuwa na umri wa miaka 15, ambaye alishirikiana na watu wengine wawili wasiojitambulisha. Hoja iliyotolewa kuitetea ni kwamba watumiaji wa mfumo wa Linux hawakuwa na programu ya kuchezeshea DVD walizozinunua kwa fedha zao. Johansen alishtakiwa nchini mwake. Mahakama ya Oslo ilimwachia huru mwezi Januari 2003, na mahakama ya rufani ikathibitisha uamuzi huo mwezi Desemba mwaka huohuo.

Nchini Marekani mambo yalikwenda kinyume. Sheria ya hakimiliki ya kidijiti ya mwaka 1998 ilikataza kuvunja kufuli za namna hiyo na kusambaza zana za kuzivunja. Studio zikalishtaki jarida la 2600, na mwezi Agosti 2000 Jaji Lewis Kaplan wa New York aliamua kwamba jarida hilo lisiendelee kuisambaza DeCSS. Kesi hiyo inawahusu wanaisimu kwa sababu ilizusha swali la kiisimu ndani ya mahakama: je, msimbo wa kompyuta ni lugha? David Touretzky, mwanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alitoa ushahidi kwamba haiwezekani kuchora mstari kati ya programu na maelezo yake. Alikusanya mifano ya maarifa yaleyale katika sura mbalimbali: msimbo unaotekelezwa na mashine, maelezo kwa Kiingereza cha kawaida, fulana, na hata nyimbo. Seth Schoen aliyaandika kwa mtindo wa haiku. Mwezi Novemba 2001 mahakama ya rufani ilikubali kwamba msimbo ni usemi unaolindwa na katiba. Lakini ilisema pia kwamba usemi huo hutenda kazi, na kwamba utendaji huo unaweza kudhibitiwa na sheria. Kwa wanafunzi wa nadharia ya vitendo-uneni, uamuzi huo ni mfano adimu wa mahakama kulazimika kutenga kusema na kutenda katika tungo moja.

Vyuo vikuu navyo viliguswa. Mwaka 2006 mamlaka za Marekani ziliruhusu wahadhiri wa idara za filamu na vyombo vya habari kufungua DVD za maktaba za idara zao ili kuandaa vipande vya kufundishia, na mwaka 2010 ruhusa ya kutoa vipande vifupi ikapanuliwa kwa wahadhiri wa taaluma nyingine. Maana yake ni kwamba tangu 1998 hadi 2006 mwalimu aliyetaka kuonyesha mifano kumi ya usemi kutoka filamu kumi hakuwa na njia iliyoruhusiwa waziwazi ya kuikusanya katika faili moja.

Megabaiti 700

Kizuizi cha pili kilikuwa ukubwa. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ambayo ilikuwa chombo cha kawaida cha kuingilia intaneti mwishoni mwa miaka ya 1990, kupakua gigabaiti 4.7 kungechukua zaidi ya siku saba usiku na mchana, tena bila laini kukatika hata mara moja. Hakuna aliyekuwa na subira hiyo. Ilihitajika kodeki, yaani kanuni za kubana na kufumua, yenye nguvu zaidi.

Kodeki hiyo ilitokea Ufaransa. Jérôme Rota aliichukua kodeki ya Microsoft iliyotokana na kanuni za MPEG-4 na kuifungua ili itumike katika mafaili ya AVI, ambayo Microsoft ilikuwa imeyaleta mwaka 1992. Aliipa jina la DivX, akilifanyia dhihaka jina la diski ya kukodi iliyouzwa Marekani kati ya 1998 na 1999 bila mafanikio. Mwaka 2001, baada ya mradi wa wazi wa DivX kufungwa, baadhi ya waandaaji wa programu walijitenga na kuanzisha kodeki huria waliyoiita Xvid, jina ambalo ni DivX iliyosomwa kutoka nyuma. Picha ilibanwa kwa DivX au Xvid, sauti kwa MP3, na filamu nzima ikaingia katika megabaiti 700.

Kipimo hicho cha 700 kinastahili kuzingatiwa. Hakikutokana na utafiti wowote kuhusu kiasi ambacho jicho au sikio linahitaji. Kilitokana na ukubwa wa CD tupu ya kuchomea, ambayo ilipatikana madukani kwa bei nafuu. Filamu ya dakika 90 na filamu ya dakika 150 zilibanwa zote zilingane na diski ileile, na ile ndefu ikapoteza zaidi. Wanafunzi wa fasihi watakumbuka kwamba idadi ya kurasa za riwaya imewahi kuamuliwa na bei ya karatasi. Chombo hutawala matini hata pale kinapodai kuitumikia.

Hatua zilizofuata zilipunguza ukali huo. Matroska, chombo cha faili kilichoanzishwa mwishoni mwa mwaka 2002, kiliruhusu njia nyingi za sauti na maandishi kusafiri pamoja, kama katika DVD. Kanuni za H.264, zilizokamilishwa mwaka 2003, ziliwezesha picha bora zaidi kwa biti chache zaidi. FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, na HandBrake, iliyoanzishwa na Eric Petit mwaka 2003, ziliirahisisha kazi iliyokuwa ya mafundi hata ikawa ya mtu yeyote mwenye kompyuta. Kisha mwaka 2005 ikaja YouTube. Hapo mwanzoni ilibadilisha kila video iliyopakiwa kuwa picha ya pikseli 320 kwa 240 yenye sauti ya njia moja, na tangu mwaka 2006 iliwawekea watumiaji wengi kikomo cha dakika kumi, ambacho kiliongezwa kuwa dakika 15 mwaka 2010. Filamu ndefu ilikatwa vipande vipande, na aghalabu mkato uliangukia katikati ya mazungumzo, kwa sababu kisu kilifuata saa badala ya sentensi.

Kilichodondoka: sauti

Katika safari yote hiyo, watengenezaji walipima hasara kwa jicho. Hasara ya lugha haikuwa na mpimaji. Inafaa basi kuianisha kwa mifano ya Kiswahili.

Sauti ya DVD hurekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde. Mafaili ya 3GP yaliyotengenezwa kwa ajili ya simu za mkononi za miaka ya 2000 aghalabu yalitumia kodeki ya AMR, iliyobuniwa kwa mazungumzo ya simu, yenye sampuli 8,000 tu. Sampuli 8,000 haziwezi kuwakilisha masafa yanayozidi hezi 4,000. Irabu tano za Kiswahili husalimika, kwani masafa yanayozitambulisha yako chini ya kiwango hicho. Konsonanti za mkwaruzo hazina bahati hiyo. Nguvu kubwa ya s iko juu ya hezi 4,000. Ikiondolewa, s hufifia na kusogea karibu na th na f. Msikilizaji wa kawaida hatambui hasara, kwa kuwa muktadha humsaidia kujua kama muhusika anataja thamani au samani, dhana au zana. Lakini mtafiti anayechunguza jinsi wasemaji vijana wa Dar es Salaam wanavyotamka th na dh hawezi kulitumia faili la namna hiyo. Akisikia s mahali palipotarajiwa th, hatajua kama aliyebadilisha sauti ni msemaji au ni kodeki.

Mfano wa pili unahusu mpumuo. Katika lahaja kadhaa za pwani, paa ya nyumba na paa mnyama hutofautishwa kwa pumzi inayofuata p. Tahajia sanifu haionyeshi tofauti hiyo. Ushahidi wake uko katika sauti pekee. Pumzi hiyo ni kelele fupi na dhaifu, na kanuni za kubana sauti kwa ukali huanza kwa kupunguza sauti dhaifu zilizofunikwa na sauti kubwa za jirani. Pale ambapo tahajia imekwisha kupoteza tofauti, faili lililobanwa sana huweza kuipoteza mara ya pili, na safari hii hakuna mahali pengine pa kuitafuta.

Hata kiimbo si salama. Filamu iliyopigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, ilipowekwa katika DVD ya PAL yenye fremu 25, iliharakishwa kwa takriban asilimia 4, na pasipo marekebisho sauti za wahusika zilipanda kwa kiasi hichohicho. Faili lililotokana na diski hiyo lilirithi kasi hiyo bila kuitaja. Mtafiti anayelinganisha kidato cha usemi katika nakala ya PAL na nakala ya Marekani atapata tofauti ambayo haikuwamo kinywani mwa mwigizaji.

Kilichodondoka: maandishi

Maandishi ya chini katika DVD si herufi kwa mtazamo wa kompyuta. Ni picha ndogo za herufi, zenye rangi nne, zinazowekwa juu ya picha kubwa kwa muda uliopangwa. Aliyegeuza diski alikuwa na njia tatu. Aliweza kuyaacha kabisa. Aliweza kuyachoma ndani ya picha, yasitenganike nayo tena. Au aliweza kutumia programu kama SubRip, ambayo huzisoma picha hizo na kuzigeuza kuwa herufi halisi katika faili la maandishi lenye muda wa kila tungo.

Njia ya tatu ndiyo yenye manufaa kwa taaluma, kwa kuwa huleta matini inayotafutika. Hata hivyo, usomaji wa mashine hukosea. Hubabaisha herufi l ndogo na I kubwa, na huweza kuidondosha ritifaa. Katika lugha ambayo ng'oa ni kutoa kitu kwa mizizi na ngoa ni tamaa au wivu, kidoto hicho kinabeba neno zima. Mhariri wa matini za namna hiyo anafanya kazi ileile ya mhariri wa miswada: kulinganisha, kushuku na kusahihisha.

Afrika Mashariki na sauti ya msimuliaji

Historia hii ilipofika Afrika Mashariki ilichukua mkondo wake. Kabla ya kebo ya baharini ya SEACOM kuanza kazi mwezi Julai 2009, ikifuatiwa na TEAMS na EASSy, mawasiliano ya intaneti ya eneo hili yalitegemea sana satelaiti, na gharama yake ilikuwa kubwa. Kupakua filamu lilikuwa jambo la wachache. Kwa hiyo diski ilibaki kuwa njia kuu kwa muda mrefu zaidi kuliko Ulaya. Tasnia ya filamu za video ya Tanzania, iliyopata msukumo mkubwa baada ya filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, ilikua pamoja na VCD na DVD. Filamu ziliuzwa zikiwa na sehemu ya kwanza na ya pili, na Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, alifahamika hadi nje ya mipaka ya nchi kwa kupitia diski hizo.

Sambamba na filamu hizo kulikuwa na sanaa nyingine, nayo ndiyo iliyo hatarini zaidi. Wasimuliaji walizichukua filamu za Kihindi, za Kichina na za Marekani, wakaweka juu yake sauti zao za Kiswahili, wakitafsiri, wakifafanua, wakitania na kutia chumvi. Nchini Tanzania Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alikuwa miongoni mwa waasisi wa sanaa hiyo. Nchini Kenya DJ Afro amejipatia umaarufu mkubwa. Mwanaanthropolojia wa Ujerumani, Matthias Krings, aliichunguza kazi ya wasimuliaji wa Tanzania katika kitabu chake cha mwaka 2015. Sanaa hiyo ilisikika katika mabanda ya video, yaliyopewa na wenyewe jina la vibanda umiza, kabla ya kusambaa katika kanda na diski.

Kwa mtaalamu wa Kiswahili, sauti za wasimuliaji hao ni hazina. Zinahifadhi Kiswahili cha mitaani cha kipindi maalumu, mbinu za masimulizi ya papo kwa papo, na tafsiri isiyofuata kanuni za darasani. Lakini wasimuliaji hawakupewa njia yao ya sauti kati ya zile nane za DVD. Sauti yao ilichanganywa na ya filamu, ngumi, muziki na milipuko vikiwa chini yake, katika njia moja. Hapo ndipo kubana kunapoumiza zaidi, maana kanuni za kubana haziwezi kujua kwamba katika mchanganyiko huo kilicho adimu ni maneno. Aidha, kazi hizi zilinakiliwa kutoka diski hadi kompyuta, kutoka kompyuta hadi simu, na kutoka simu hadi simu. Kinachopatikana mtandaoni leo aghalabu ni nakala ya nakala ya nakala.

Hasara hii inapimika vizuri zaidi ikilinganishwa na hali ya maandishi. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 kwa juhudi za Arvi Hurskainen, imewapa watafiti mamilioni ya maneno kutoka magazeti na vitabu. Usemi wa filamu na wa wasimuliaji haujakusanywa kwa kiwango kinachokaribia hapo, na muda haungoji. CD na DVD za kuchoma hutumia tabaka la rangi ya kemikali linalochakaa kwa mwanga, joto na unyevu, vitu ambavyo pwani ina vingi. Kompyuta nyingi za sasa hutengenezwa bila sehemu ya kuingizia diski. Mwezi Septemba 2023 hata Netflix, kampuni iliyoanza kwa kukodisha DVD kwa njia ya posta, iliifunga huduma hiyo.

Mafunzo kwa taaluma

Historia hii inatoa mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba diski ihamishwe ikiwa nzima kabla ya kugeuzwa. Faili linalobeba taswira kamili ya DVD huchukua gigabaiti 4.7 au 8.5, kiasi kilichoogofya mwaka 1999 lakini ambacho leo huenea katika kifaa cha mfukoni. Nakala ndogo ya kupakuliwa itengenezwe kutokana na taswira hiyo, na taswira yenyewe isifutwe. Maji yakimwagika hayazoleki, na sauti iliyotupwa na kodeki hairudishwi na kodeki iliyo bora zaidi.

La pili ni kwamba kila faili liambatane na maelezo ya nasaba yake: lilitoka katika diski gani, ya mfumo gani, kwa programu gani, kwa kodeki na kiwango gani cha biti, na lini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtafiti anayetaja mfano kutoka faili lisilo na nasaba anafanana na mhariri wa utenzi asiyetaja mswada alioutumia.

La tatu ni la kisheria na kimaadili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 zinazilinda kazi za picha na sauti. Watengenezaji wengi wa filamu za Kiswahili waliumizwa na udurufu haramu wa diski, na itakuwa dhuluma ya pili iwapo vyuo vikuu vitazikusanya kazi zao kwa jina la utafiti bila ridhaa yao. Makubaliano na watayarishaji, ambao baadhi yao bado wanazo kanda za asili ambazo hazijawahi kubanwa kwa ajili ya diski, yatawafaa watafiti na wenye kazi kwa pamoja.

Hitimisho

Kiswahili kimeupa uhamaji huu neno linalofaa kuliko wengi wanavyodhani. Kabla ya kuwa neno la intaneti, kupakua kulikuwa kazi ya bandarini na jikoni: kushusha shehena kutoka chomboni, na kutoa chakula chunguni. Katika kazi zote mbili anayepakua hujua kwamba kilichopakiwa na kinachoshushwa si lazima vilingane, na ndiyo maana bandarini kuna karani mwenye orodha. Video ya Kiswahili imeshushwa kwa zaidi ya miongo miwili bila karani. Wajibu huo unawaangukia wataalamu wa lugha, kwa sababu wahandisi waliokwisha kuifanya sehemu yao kwa ufanisi mkubwa hawakuwa na sababu ya kujua kwamba kati ya s na th, au kati ya paa wawili, kuna jambo la kuhesabiwa. Diski zilizo katika makabati ya nyumba na maduka ya Afrika Mashariki bado zinasomeka, lakini si zote, na kila mwaka zinazosomeka zinapungua.